Vijana Wetu na Kazi ya Kufundisha Kiingereza Afrika Mashariki



Kila ikaribiapo likizo ya kiangazi, wapo vijana wetu hapa Minneapolis na Saint Paul wanaoomba ruhusa ya kwenda Mombasa, Arusha au Unguja kufundisha Kiingereza kwa kujitolea, huku wakikaa na familia ya wenyeji. Safari ya namna hii si ngeni katika jimbo hili. Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwahi kuwapeleka wanafunzi wake Kenya kwa mpango uliojulikana kama MSID, wakaishi katika nyumba za watu wa huko. Lililo geni ni kwamba safari hii anayekwenda ni mtoto wetu.

Je, atawafaa watoto atakaowakuta? Mwaka 1985 kijana Mmarekani, Michael Kremer, alikwenda Kakamega, magharibi mwa Kenya, akafundisha kwa mwaka mmoja, kisha akashiriki kuanzisha WorldTeach, shirika la kupeleka walimu wa kujitolea. Baadaye akawa mtaalamu wa uchumi, na mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel. Yeye na wenziwe, akiwemo Profesa Paul Glewwe wa chuo chetu hichi cha Minnesota, walichunguza shule 100 za Busia na Teso. Mwaka 1996 shule 25 kati ya hizo zilipewa vitabu vya kiada. Alama, kwa wastani, hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa hodari tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, nacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili.

Mwalimu asiyejua lugha ya mtoto hana tofauti kubwa na vitabu vile. Mtoto wa Unguja humwita mama yake *he* si kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa katika lugha yake *yeye* ni mmoja, kwa mume na kwa mke. Ajuaye Kiswahili hulieleza jambo hilo kwa dakika moja. Kijana wetu angeweza, lau tungalikuwa tunazungumza naye Kiswahili nyumbani; na tuseme kweli, katika nyumba nyingi watoto husemeshwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza.

Ama kukaa na familia, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye atakaa wiki nane. Atatazamiwa kupiga hodi, kuwaamkia wakubwa bila kukumbushwa, kuaga kabla ya kutoka, na akiwa binti, kuingia jikoni. Mgeni wa Kizungu husamehewa asipoyafanya hayo, yeye hatasamehewa. Huenda chumba alalacho wamehamishwa watoto wa nyumba. Kampuni nyingi za safari hizi humtoza kijana maelfu ya dola, kwa hiyo mzazi aulize waziwazi ni kiasi gani kinachomfikia mama mwenye nyumba.

Tanzania, Zanzibar ikiwemo, humtaka mtu wa kujitolea awe na kibali cha ukaazi cha daraja la C; viza ya matembezi haitoshi. Tena kalenda itazamwe kabla ya kukata tikiti: shule za Tanzania aghalabu huwa likizo mwezi wa Juni, na za Kenya mwezi wa Agosti. Atakaye kukuta madarasa yamejaa na afike Julai, inshallah.