Teriyaki ya wanga kidogo: Soma nyuma ya chupa kabla ya kulipa

MNUNUZI anayesimama mbele ya rafu ya sosi katika supamaketi kubwa za Marekani hukuta chupa za teriyaki za aina mbili zimepangwa bega kwa bega. Aina ya kwanza ni ile ya siku zote, yenye sukari. Ya pili imeandikwa kwa herufi kubwa kuwa haina sukari, ina wanga kidogo, au inawafaa wanaofuata mlo wa keto. Kwa kawaida hii ya pili huuzwa kwa bei ya juu zaidi, na mara nyingi chupa yake ni ndogo.

Pengo hilo la bei ndilo linalomhusu mfanyabiashara. Mlaji anayetoa fedha zaidi analipia nini hasa? Jibu limo katika jedwali dogo la virutubisho lililobandikwa nyuma ya chupa. Anayejua kulisoma jedwali hilo ataagiza mali itakayotoka. Asiyejua anaweza kuufungia mtaji wake katika katoni ambazo mgonjwa wa kisukari atazinunua mara moja tu, apime sukari yake, na asirudi tena.

Wanga unatoka wapi

Teriyaki ni upishi wa Kijapani. Neno "teri" ni mng'ao, na "yaki" ni kuchoma. Sosi yake ya asili hutengenezwa kwa mchuzi wa soya, sake, sukari, na mirin ambayo ni kileo kitamu cha mchele. Kampuni ya Kikkoman, iliyofungua ofisi ya mauzo San Francisco mwaka 1957, iliingiza sosi ya teriyaki ya chupa katika soko la Marekani mwaka 1961. Mwaka 1973 ilifungua kiwanda chake cha Walworth, Wisconsin. Tangu hapo bidhaa hiyo imekuwa ya kawaida katika jiko la Mmarekani, na wazalishaji wengi wameingia.

Mchuzi wa soya wenyewe hauna wanga wa kutisha. Kijiko kikubwa kimoja kina chini ya gramu 1. Wanga wa teriyaki huletwa na vitu vinavyoongezwa: sukari, sharubati ya mahindi, asali, maji ya nanasi, na unga wa kuifanya iwe nzito, ambao mara nyingi ni wa mahindi au wa muhogo.

Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha kuwa gramu 100 za teriyaki ya kawaida zina wanga gramu 15.6, na karibu gramu 14 kati ya hizo ni sukari. Kwa kijiko kikubwa cha gramu 18, hiyo ni takriban gramu 2.8 za wanga. Hii ni sosi nyepesi ya kulowekea nyama. Zile nzito za kupaka nyama inapokaribia kuiva huweza kufika gramu 6, 8 au zaidi kwa kijiko hicho hicho.

Hapo pana jambo la kwanza la kuzingatia. Chupa mbili zinazoitwa teriyaki zinaweza kutofautiana wanga mara tatu, na zote zikawa za kawaida, bila neno lolote la keto mbele.

Maneno yenye sheria na yasiyo na sheria

Si kila neno la mbele ya chupa lina uzito sawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imeweka maana ya baadhi ya maneno hayo. Bidhaa inayoitwa "isiyo na sukari" lazima iwe na chini ya gramu 0.5 ya sukari kwa kipimo cha mlo mmoja. Inayodai "sukari imepunguzwa" lazima iwe na pungufu ya angalau asilimia 25 ikilinganishwa na bidhaa ya kawaida ya aina yake.

Kwa upande wa "wanga kidogo", FDA haijaweka kiwango chochote. Hali kadhalika "wanga halisi", tarakimu inayopatikana mzalishaji anapotoa nyuzinyuzi na baadhi ya vitamu mbadala katika jumla ya wanga. Hiyo ni hesabu ya mzalishaji mwenyewe. Mnunuzi makini huanza na mstari wa jumla ya wanga, kisha huona ni nini kilichotolewa.

Aidha, kipimo cha mlo kwa teriyaki ni kijiko kikubwa kimoja, yaani takriban mililita 15. Mlaji wa kuku wa kuchoma aliyelowekwa na kupakwa sosi anaweza kumaliza vijiko vitatu au vinne. Chupa inayoonyesha gramu 2 inakuwa gramu 8 kwenye sahani. Tena, kiasi kilicho chini ya nusu gramu huruhusiwa kuandikwa sifuri, kwa hiyo sifuri ya lebo si lazima iwe sifuri ya mezani.

Mstari mwingine wa manufaa ni ule wa sukari iliyoongezwa. Ulipitishwa katika kanuni za mwaka 2016, ukawabana wazalishaji wakubwa kuanzia mwaka 2020 na wadogo kuanzia 2021. Mstari huo humsaidia mnunuzi kuitambua chupa inayojisifia asali au sharubati za asili, kwani hizo nazo huhesabiwa humo.

Kinachoshika nafasi ya sukari

Sukari ikiondolewa, kitu kingine lazima kiingie. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ndiyo maana inafaa kuangalia vitu vinne au vitano vya mwanzo.

Sukralosi na stevia huleta utamu bila wanga wa kuhesabika, lakini haziipi nyama rangi ya kahawia wala mng'ao kama sukari. Erithritoli haipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha maana, ila sosi ikipoa inaweza kuganda chembechembe. Alulosi hubadilika rangi motoni kama sukari, na kwa teriyaki hiyo ni sifa kubwa. FDA iliruhusu alulosi isihesabiwe katika mistari ya sukari, ingawa hubaki katika jumla ya wanga. Uamuzi huo ni wa Marekani, na anayepeleka mali nchi nyingine aulize kwanza sheria za huko.

Maltitoli ndiyo ya kutazamwa kwa jicho kali. Huhesabiwa kuwa kitamu mbadala, na baadhi ya wazalishaji huitoa katika wanga halisi, lakini hupandisha sukari ya damu kuliko erithritoli. Mwenye kisukari asiichukulie kuwa sifuri.

Uzito wa sosi nao una gharama yake. Chupa iliyofanywa nzito kwa gundi ya zanthani huhitaji kiasi kidogo sana, wakati unga wa muhogo au wa mahindi huongeza wanga. Zipo pia sosi zinazotumia utomvu wa maua ya mnazi uliochachushwa badala ya soya. Kwa msomaji wa pwani hilo si geni, kwani ndio utomvu ule ule wa wagema wa tembo. Sosi hizo humfaa asiyeweza kula soya au ngano, lakini utomvu huo una sukari yake, na mara nyingi huongezewa nyingine.

Hesabu ya senti

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme teriyaki ya kawaida ya mililita 450 inauzwa dola 3. Ina vijiko 30, hivyo kijiko ni senti 10. Tuseme ya wanga kidogo ya mililita 360 inauzwa dola 6. Ina vijiko 24, hivyo kijiko ni senti 25. Mlaji analipa nyongeza ya senti 15 kwa kila kijiko.

Ikiwa anahama kutoka sosi nzito ya gramu 8 kwenda ya gramu 1, ameepuka gramu 7, na kila gramu imemgharimu kama senti 2. Lakini ikiwa sosi yake ya zamani ilikuwa nyepesi, ya gramu 3 na bei hiyo hiyo ya dola 3, ameepuka gramu 2 tu, na kila gramu imemgharimu senti 7 na nusu. Bidhaa ni ile ile na bei ni ile ile, ila thamani imeshuka zaidi ya mara tatu.

Tahadhari moja: chupa nyingine huandikwa wakia za ujazo na nyingine wakia za uzito. Sosi yenye sukari nyingi ni nzito kuliko isiyo nayo. Usilinganishe wakia za uzito na za ujazo. Hesabu vijiko, au idadi ya milo iliyoandikwa juu ya jedwali.

Chumvi haijaondolewa

Mlaji anayekimbia sukari husahau chumvi. Kijiko kimoja cha teriyaki ya kawaida kina takriban miligramu 690 za sodiamu. Kiwango cha siku kinachotumiwa kwenye lebo za Marekani ni miligramu 2,300. Vijiko vinne hukivuka kiwango hicho. Kuondoa sukari hakupunguzi chumvi, kwa sababu chumvi hutoka kwenye soya. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia, chupa yenye sukari sifuri na sodiamu nyingi huwatatulia tatizo moja na kuwaachia la pili.

Anayetaka kuagiza katoni

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Zanzibar anayefikiria kuleta bidhaa hii kwa ajili ya hoteli na maduka ya walaji maalumu ana mambo matatu ya kupima kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Hii ni bidhaa ya wateja wachache na hutoka polepole. Miezi inayopotea baharini na bandarini hukatwa katika maisha yake ya rafuni. Sukari pia husaidia kuhifadhi chakula, hivyo asome maelekezo ya kuhifadhi baada ya kufunguliwa.

La pili ni kileo. Mirin na sake ni vileo, na mteja Mwislamu wa Unguja au Muscat atauliza. Bila jibu la maandishi kutoka kwa mzalishaji, soko hilo limefungwa.

La tatu ni usajili. Tangu mwaka 2019 shughuli za chakula Tanzania Bara ziko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ni nafuu kupeleka lebo ikaguliwe kabla ya kontena kuondoka kuliko kujadiliana nayo bandarini.

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji mdogo akumbuke kuwa mahitaji ya wanga kidogo yamewahi kupanda na kuporomoka. Atkins Nutritionals ilipanda pamoja na wimbi la miaka ya 2003 na 2004, na mwaka 2005 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Jina lake halikufa. Mwaka 2017 liliingia soko la hisa la Nasdaq chini ya kampuni ya Simply Good Foods. Mwaka 2018 Kraft Heinz ilitangaza kuinunua Primal Kitchen, watengenezaji wa sosi zisizo na sukari iliyosafishwa, kwa takriban dola milioni 200.

Funzo lililopo ni kwamba mwenye kiwanda cha soya huuza kwa pande zote mbili, sukari iwe juu au chini. Mwenye jina la lishe moja hutegemea lishe hiyo iendelee kupendwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Taarifa ya aina hiyo inaweza kubadili mauzo ya rafu nzima.

Kwa sasa, hatua ya busara kwa mnunuzi wa jumla ni ndogo. Anunue chupa moja moja ya aina tatu: nyepesi ya kawaida, nzito ya kawaida, na ya wanga kidogo. Aandike jumla ya wanga, sukari iliyoongezwa, sodiamu na bei ya kijiko cha kila moja. Kisha ampe mpishi azipike zote juu ya kuku mmoja na kuwaonjesha wateja. Ikiwa ya wanga kidogo haina ladha ya kumrudisha mteja, au haimwepushi gramu za kutosha kwa bei yake, katoni zibaki kwa muuzaji.