Picha za Moto Zilizookoa Maisha

Akina mama wenzetu, tukitazama picha za mlima unaotema moto usiku, lava nyekundu ikitiririka kama mto, tunabaki kustaajabu. Picha nyingi za namna hiyo zilipigwa na mke na mume kutoka Ufaransa, Katia na Maurice Krafft. Katia alipiga picha, mumewe filamu. Tarehe 3 Juni 1991, wingu la majivu na gesi ya moto liliwaua wote wawili na wengine 41 katika mlima Unzen, Japani.

Siku hizo Ufilipino, karibu na mlima Pinatubo, filamu yao ilionyeshwa kama onyo. Maelfu ya watu walihama. Tarehe 15 Juni mlima ulilipuka vibaya sana.

Nasi wauguzi tumeona kliniki: mama akiiona hatari kwa macho, humbeba mtoto mapema.