Kijazio cha Uso: Jina na Usalama

Miongoni mwa dhana za tiba zinazodai istilahi ya Kiswahili ni ile ya vitu vinavyodungwa chini ya ngozi ili kurudisha ujazo wa uso uliopungua. Watu husema "sindano ya urembo", jina linalotaja njia na kuficha kinachoingia mwilini. Sisi tunapendekeza kijazio, yaani kitu cha kujazia. Kijalizo lingefaa pia, ila wanasarufi wamekwisha kulitwaa.

Wala urembo si kiini cha haja hii. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mpango wa taifa mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa hizo. Iliokoa maisha, lakini kwa baadhi ya wagonjwa ilimaliza mafuta ya mashavu, hata ugonjwa ukasomeka usoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua. Marekani ilikuwa imeidhinisha, mwaka 2004, kijazio cha asidi ya polilaktiki kwa mashavu ya namna hiyo.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Bunda au Butiama aliyedungwa ugenini anafika hospitalini Musoma, ngozi imepauka na jicho moja halioni. Huenda kijazio kimeingia ndani ya ateri na kuziba damu. Akisema "nilichomwa sindano", hajamwambia daktari lolote, kwani hata sumu ya botulini, ambayo hulegeza misuli wala haijazi kitu, hudungwa vivyo hivyo. Kijazio cha asidi ya hialuroniki huyeyushwa na kimeng'enya kiitwacho hialuronidezi, na katika ajali hiyo kila dakika ina thamani. Silikoni ya majimaji haiyeyushwi nacho. Hubaki, huweza kuhama na kufanya mavimbe. Kwa hiyo fomu ya mgonjwa iandike jina la kijazio kwa ukamilifu.

Limebaki neno salama, linalowapotosha wafasiri wengi. Msomaji akiambiwa "kijazio hiki ni salama" huelewa kwamba hakina madhara kabisa. Wenye kuidhinisha humaanisha kuwa manufaa yaliyopimwa yanazidi madhara yaliyojulikana, kwa sehemu fulani ya uso, mikononi mwa mtaalamu aliyefunzwa. Mfasiri ayaandike yote hayo, ingawa sentensi itarefuka. Na panapotajwa ufanisi, muda nao utajwe: asidi ya hialuroniki kwa kawaida hudumu miezi 6 hadi 18, kisha mwili huimaliza.