Viazi lishe na ulezi vyafungua njia mpya ya mkate na maandazi Mbozi

Kifungua kinywa cha mtoto anayekwenda shule katika Mbozi Mission, kama ilivyo katika vijiji na miji midogo mingi ya Mkoa wa Songwe, mara nyingi ni kikombe cha chai na andazi. Wilaya ya Mbozi inalima mahindi, maharage, ulezi, viazi vitamu na kahawa. Hata hivyo, andazi hilo limetengenezwa kwa ngano, zao ambalo sehemu kubwa yake huingia nchini kwa meli.

Mahitaji ya ngano nchini yanakadiriwa kufikia tani milioni moja kwa mwaka, ilhali uzalishaji wa ndani ni takribani sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho. Mashamba ya Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada, pamoja na maeneo ya Karatu, Kilimanjaro Magharibi na Nyanda za Juu Kusini, hayajaweza kuziba pengo hilo. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya ngano ilipanda katika soko la dunia, na athari yake ikamfikia hata mama anayekaanga maandazi kando ya barabara. Wengi hawakupandisha bei ya andazi bali walipunguza ukubwa wake, na aliyepoteza ni mlaji, hasa mtoto.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Utafiti wa Taifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulionesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa na udumavu, wakati wastani wa taifa ulikuwa takribani asilimia 32. Songwe ni miongoni mwa mikoa inayozalisha chakula kwa wingi. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakieleza mara kwa mara kwamba ghala lililojaa mahindi linaondoa njaa, lakini halimpi mtoto madini ya chuma, zinki wala vitamini A anazohitaji ili akue ipasavyo.

Serikali ilianza kulishughulikia suala hili kupitia kiwandani. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula vinavyozalishwa viwandani viongezwe virutubishi, na mpango wa kitaifa ukazinduliwa mwaka 2013. Unga huongezwa madini ya chuma na zinki pamoja na asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta huongezwa vitamini A. Kwa viwanda vikubwa vya ngano, utaratibu huo umekuwa rahisi kuusimamia kwa sababu ni vichache. Ugumu uko kwenye mashine ndogo za kusaga mahindi, ambazo ni nyingi na zimetawanyika, na ndizo zinazowahudumia wakazi wengi wa vijijini. Mteja hupeleka debe lake, husagiwa na kuondoka na unga wake, bila kirutubishi chochote kuongezwa.

Kwa sababu hiyo, watafiti wameelekeza nguvu katika njia ya pili, yaani kuingiza lishe katika mkate wenyewe kwa kutumia mazao ya wakulima. Wazo la kuchanganya unga wa ngano na mazao mengine si geni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, na Nigeria ilijaribu kwa miaka mingi kuwataka wasagishaji waongeze unga wa muhogo katika unga wa mkate. Kikwazo kikubwa kilikuwa gluteni. Hii ni protini ya ngano ambayo, unga unapokandwa, hujenga utando unaonasa hewa inayotolewa na hamira, na ndiyo sababu mkate huumuka. Muhogo, mahindi, ulezi na viazi havina gluteni. Vikizidi katika mchanganyiko, mkate hutoka mzito, hukatika vipande na hukauka upesi.

Mafanikio makubwa zaidi yamepatikana kwa viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kinaeleza kuwa gramu 125 za viazi hivyo vilivyopikwa zinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku moja kwa mtoto mdogo. Nchini Msumbiji, watafiti walibadilisha asilimia 38 ya unga wa ngano kwa viazi lishe vilivyopondwa, na mkate uliopatikana ukaitwa mkate wa dhahabu kutokana na rangi yake. Rwanda ilifuata kwa biskuti, na mwaka 2015 nchini Kenya mkate wa aina hiyo ukaanza kuuzwa katika maduka ya Tuskys, viazi vikitoka kwa wakulima wa Homa Bay.

Siri ya mafanikio hayo ni hesabu ya jikoni. Hapo awali viazi vilikaushwa na kusagwa kuwa unga, na kilo moja ya unga ilihitaji kilo nne hadi tano za viazi vibichi. Bei yake ikawa juu kuliko ya ngano, na sehemu ya beta-karotini ilipotea juani. Viazi vikichemshwa na kupondwa, kilo moja ya rojo hupatikana kwa kiasi kinachozidi kidogo tu kilo moja ya viazi. Aidha, rojo lina utamu, unyevu na rangi ya asili, hivyo mwokaji hupunguza sukari, maji na mafuta, na hana haja ya kutia rangi. Mwenye biashara ndogo huvutiwa kwanza na punguzo hilo la gharama, na lishe huja pamoja nalo.

Kwa mama lishe wa Mbozi Mission, teknolojia hiyo haihitaji mtambo. Viazi huoshwa, huchemshwa na maganda yake hadi vilainike, humenywa na kupondwa vikiwa vya moto ili visiwe na mabonge. Rojo likishapoa huchanganywa na unga, hamira na chumvi yenye madini joto, kisha maji huongezwa kidogo kidogo, kwa kuwa rojo lenyewe limekwisha kubeba maji mengi. Kosa la kawaida ni kutia maji kwa kipimo cha zamani. Andazi lina faida ya ziada kuliko mkate, kwa sababu mwili hufyonza vitamini A vizuri zaidi ikiambatana na mafuta. Hata hivyo, rojo huchacha haraka na lapaswa kutumika siku hiyo hiyo, isipokuwa pale penye jokofu.

Ulezi nao unarejea kwa hadhi mpya, baada ya Umoja wa Mataifa kuutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa jamii ya mtama na ulezi. Miongoni mwa Wanyiha, ulezi ni nafaka ya tangu zamani, na gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi kinachozidi kwa mbali kile cha mahindi au ngano. Kwa biskuti na keki, ambazo hazitegemei sana kuumuka, ulezi unaweza kuchukua sehemu kubwa ya unga kuliko katika mkate.

Ubunifu huo hauondoi wajibu wa usalama. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota ukungu na kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuoka wala kukaanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayetaka kuuza bidhaa zenye nembo atapaswa kuthibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula. Wajasiriamali wadogo huanzia kwa SIDO, inayotoa mafunzo na barua ya utambulisho, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Ni vyema kusema wazi kwamba kiazi lishe pekee hakimalizi udumavu. Udumavu unahusu pia maji safi, afya ya mama wakati wa ujauzito na unyonyeshaji. Mkate wa rangi ya dhahabu unaziba pengo moja tu, la vitamini A, nao unaliziba kwa chakula ambacho mtoto tayari anakipenda.

Soko halipo mbali. Tunduma, ambako kituo cha huduma za pamoja mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019, hupokea madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia, nao hununua mkate, maandazi na biskuti usiku na mchana. Kinachobaki kuwa kigumu ni upatikanaji wa viazi mwaka mzima. Mbegu ya kiazi lishe ni marando, nayo hukauka katika miezi ya kiangazi. Mkulima mwenye bonde lenye unyevu au bomba la maji, anayeweza kuyatunza marando hadi mvua za Novemba, ndiye atakayeamua kama mwokaji wa Mbozi Mission atakuwa na rojo la kutosha msimu unaofuata.