Kutoka Hadithi Fupi hadi Filamu: Mfano wa Ayalandi

Wanafunzi wengi wanapotakiwa kugeuza hadithi fupi kuwa mchezo, huanza kwa kugawa maneno: kila alichokisema msimulizi anapewa mhusika akitamke. Katika toleo hili tunatazama filamu ya Ayalandi iliyofuata njia nyingine.

Filamu hiyo ni An Cailín Ciúin, yaani "Msichana Mkimya", ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Colm Bairéad. Imetokana na "Foster", hadithi ya Claire Keegan iliyochapishwa mwaka 2010. Msichana wa familia maskini yenye watoto wengi anapelekwa kwa jamaa zake, mke na mume wakulima, wakati mama yake anakaribia kujifungua. Huko anapata malezi ya upendo asiyoyazoea, kisha anagundua kwamba wenyeji wake walifiwa na mtoto wao.

Keegan alitumia nafsi ya kwanza, hivyo msomaji hupokea kila jambo kupitia mawazo ya mtoto. Bairéad hakuweka sauti ya msimulizi. Kamera hukaa karibu na mtoto, nasi tunaona anachokiona. Seán, mwenye nyumba, ambaye mwanzoni alijitenga naye, anaweka biskuti mezani na kwenda zake bila neno. Hatuhitaji kuambiwa kwamba moyo wake umelainika.

Uamuzi wa pili unahusu lugha. Hadithi iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo mengi ya filamu ni ya Kiayalandi, lugha asilia ya nchi hiyo ambayo leo wachache tu huitumia kila siku. Baba mzazi huzungumza Kiingereza. Nyumba inayompenda mtoto huzungumza Kiayalandi. Hivyo lugha yenyewe inajenga wahusika. Mwaka 2023 filamu hii ilikuwa ya kwanza ya Kiayalandi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa.

Mwishoni mtoto anamkumbatia Seán huku baba mzazi akiwakaribia. Anatamka "baba", kisha analirudia neno hilo. Anamwita nani? Filamu haijibu.

Basi, kabla ya kuongeza mazungumzo katika kazi zetu, tujiulize: jambo hili lisemwe, au lionekane tu? Na likisemwa, lisemwe kwa lugha ipi?