Nani Analipia Jeraha la Shujaa?

Msomaji wa riwaya za mapenzi za zama zilizopita humtambua shujaa huyu hata kabla jina lake halijatajwa. Amerudi vitani, au amedhulumiwa na ndugu zake, au moyo wake ulizikwa pamoja na mke wa kwanza. Ana mali au cheo, hacheki, salamu haitikii sawasawa, na kabla kitabu hakijafika nusu atakuwa amemtesa binti mmoja mwenye subira, kisha atampenda. Ukiuliza mbona yuko hivyo, utajibiwa kwamba ameumia. Hakuna ubaya mwandishi kumpa shujaa wake jeraha, kwa sababu historia imeumiza watu kwelikweli, na riwaya ya kihistoria isiyo na majeruhi ni ya uongo. Lakini riwaya ya namna hii ina kipimo chake, nacho ni swali moja: gharama ya jeraha hilo analipa nani? Ikiwa mlipaji ni mwanamke peke yake, basi tumeuziwa ukatili uliovishwa shela.

Mfano mashuhuri ni Edward Rochester, bwana wa jumba la Thornfield katika riwaya ya Charlotte Brontë, Jane Eyre, iliyotoka mwaka 1847. Kidonda chake kinaeleweka. Baba yake na kaka yake, wakitamani pauni 30,000 ambazo bibi harusi angekuja nazo, walimwoza huko Jamaika mwanamke asiyemjua, na mwanamke huyo akapatwa na wazimu. Tumwonee huruma, lakini tuangalie pia anavyowatendea wengine. Mkewe, Bertha, amefungiwa ghorofa ya juu miaka kadhaa, na jirani hawajui kwamba bwana ana mke. Yatima Jane, mwalimu wa kuajiriwa nyumbani kwake, anaachwa aamini kwamba bwana atamwoa Blanche Ingram. Usiku ule ule wa kumposa, Rochester anaanza kwa kumwambia kwamba amekwisha kumtafutia kazi Ireland, mbali kabisa, na ni hadi binti aangue kilio ndipo anapomweleza kuwa anayemtaka ni yeye. Kisha anampeleka kanisani ilhali mke wa ndoa yu hai juu ya vichwa vyao. Jeraha ni la Rochester, ila anayelala nje kwenye baridi na kuomba chakula milangoni mwa watu baada ya harusi kuvunjika ni Jane. Bertha yeye anapoteza uhai. Karne nzima ilipita kabla mwandishi mwingine, Jean Rhys mzaliwa wa Dominica, hajampa mke huyo nafasi ya kusimulia upande wake, katika riwaya ya Wide Sargasso Sea ya mwaka 1966.

Mtetezi wa Brontë atasema hapa kwamba tunamwonea, na ana haki ya kusikilizwa. Brontë hakumsamehe shujaa wake bure. Jane, japo anampenda, anakataa kuwa hawara na anaondoka usiku bila kuaga. Anaporudi, amerithi pauni 20,000 na kuzigawa sawa na binamu zake watatu, hivyo harudi tena kama mtumishi. Rochester naye amepoteza mkono mmoja na macho yake kwa kujaribu kuwaokoa watu wakati Thornfield ikiteketea. Wanakutana wakiwa wamekaribiana hadhi, na mwanamke ndiye mwenye uamuzi. Utetezi huo ni sahihi, na unaonyesha kosa lilipoingia baadaye. Waliomfuata Brontë, kuanzia vitabu vya bei nafuu hadi tamthilia za televisheni, waliichukua ndita ya Rochester wakaiacha miguu ya Jane. Wakabaki na mwanamume anayefoka kwa sababu ameumia, na mwanamke anayevumilia kwa sababu anapenda, na wakaliita hilo penzi kuu.

Kwamba ipo njia nyingine, tunalo thibitisho la karibu na kwetu. Mwaka 2020 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka uliofuata, alitoa riwaya ya Afterlives. Zama zake ni utawala wa Wajerumani katika pwani yetu, Vita Kuu ya Kwanza, na miaka ya Waingereza iliyofuata. Hamza ni kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, akajiandikisha askari katika jeshi la Wajerumani ili apate pa kukimbilia. Humo anaangukia mikononi mwa ofisa mmoja anayemfanya mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, na anavutiwa naye kwa kuwa anamkumbusha mdogo wake aliyefariki. Upendeleo huo unamponza. Sajenti wa Kijerumani aliyekuwa akimchukia anamkata kwa upanga, na Hamza anachechemea maisha yake yote. Hapa Gurnah anafanya jambo ambalo riwaya nyingi za mapenzi hukwepa: anatuonyesha jeraha linatoka wapi. Halikutoka kwenye hulka ya mtu wala kwenye siri ya ukoo. Limetoka kwenye vita vya wageni vilivyopiganwa katika ardhi yetu hadi Novemba 1918, vikala askari, wapagazi, na wanavijiji walionyang'anywa nafaka yao. Katika riwaya hii hata ofisa anayempenda Hamza ana msiba wake wa kifamilia, na anautua juu ya kijana asiyeweza kukataa. Rochester amo humu, amevaa sare, na safari hii mwandishi hamfanyi mpenzi wa mtu.

Hamza anaporudi mjini hana ndugu wala senti. Mfanyabiashara Nassor Biashara anampa kazi, karani mzee Khalifa anampa chumba cha stoo cha kulala, na fundi Sulemani anamfundisha useremala. Uponaji wake unaanzia hapo, kwenye ujira, paa, ufundi na mazungumzo ya barazani, kabla mapenzi hayajaingia. Nyumbani kwa Khalifa yumo Afiya, naye pia si mzima. Utotoni mlezi wake alimvunja mkono kwa kosa la kujua kuandika, na ni kwa kikaratasi alichokiandika mwenyewe ndipo Khalifa alipopata habari akaenda kumchukua. Tazama basi namna Hamza anavyomposa binti wa aina hiyo. Kijerumani alichokipata kwa ofisa anakitumia kufasiri ubeti wa mshairi wa Kijerumani, Schiller, kwa Kiswahili, anauandika kwenye karatasi, na anampa Afiya. Lugha aliyofunzwa kwa amri anaitumia kwa hiari, na anamkabidhi maandishi mwanamke aliyepigwa kwa ajili ya maandishi. Hata baada ya ndoa ndoto mbaya hazimwachi, na habari za vita anazitoa kidogo kidogo, Afiya akisikiliza naye akisimulia yake. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na Gurnah hadai kwamba penzi limemponya. Anachodai ni kwamba mtu anaweza kuwa na kovu na asimtoe mwenzake damu.

Kuna watakaosema kwamba mlinganisho huu si wa haki, kwa sababu Afterlives ni riwaya ya vita na ukoloni, si ya mapenzi. Ni kweli ina mengi zaidi ya mapenzi: inafuata pia njia ya Ilyas, kaka yake Afiya, aliyewapigania Wajerumani kwa moyo mmoja na akaishia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Lakini ukiondoa Hamza na Afiya, kitabu kinakosa moyo, na hoja yake kuhusu nini hubaki baada ya dhuluma inabaki hewani. Wengine watasema Hamza ni mpole mno, na kwamba alikuwa askari, maana yake naye alikuwa sehemu ya jeshi lililotesa watu. Pingamizi hilo ni zito zaidi. Jibu lake ni kwamba riwaya haifichi sare aliyoivaa wala haimfanyi malaika, ila haimruhusu kuigeuza aibu yake kuwa kiburi nyumbani. Na anayeona upole unachosha angeangalia ujasiri unaohitajika kwa mtu maskini, kilema, mgeni katika nyumba ya watu, kumwandikia binti wa nyumba hiyo barua ya mapenzi, huku mke wa Khalifa, Bi Asha, akimtazama kwa jicho baya.

Liko pingamizi la mwisho, nalo ndilo linalorudiwa zaidi: hivi ni vitabu vya kuburudisha, kwa nini tuvipime kama mahakama? Ni kwa sababu vinasomwa na vijana katika umri ule ule wanaojifunza kupenda. Msichana aliyesoma visa ishirini ambamo ukali wa mwanamume ni dalili ya moyo uliojeruhiwa atakuwa na kazi ngumu kuutambua ukali ulio ukali tu. Mvulana naye atakuwa amefundishwa kwamba machungu yake yanamdai mtu mwingine. Burudani haipungui kwa kumtaka shujaa alipe deni lake mwenyewe. Jane Eyre na Afterlives zote mbili zinashikilia msomaji hadi ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo, msomaji, utakapokutana tena na bwana mwenye huzuni na hasira, mwonee huruma kadiri unavyotaka, kisha fungua kurasa za binti na uhesabu gharama zake. Na wewe uandikaye, mpe shujaa wako jeraha la kweli, tuambie lilitoka wapi, halafu umnyime ruhusa ya kulirithisha kwa yule anayempenda.