Maziwa ya mama kikombeni: Yatakaa muda gani bila jokofu?

Leo katika safu yetu tunazungumzia jambo ambalo kina mama wengi wa Ngara na Biharamulo wanakutana nalo kila siku. Mama amejifungua, siku arobaini zimekwisha, mtoto ana miezi miwili au mitatu. Migomba inataka kupaliwa, kahawa imeiva, au ni siku ya gulio. Mtoto anabaki na bibi yake. Mama akiondoka asubuhi na kurudi adhuhuri, mtoto huyu atakula nini?

Jibu la nyumba nyingi ni uji mwepesi, au maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Hapo ndipo kuharisha kunapoanza, kwani tumbo la mtoto chini ya miezi 6 halijawa tayari kwa vyakula hivyo, na maji yenyewe mara nyingi hayakuchemshwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hapa Tanzania asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi 6 walikuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu alikuwa tayari anapewa kitu kingine. Miongoni mwao wako ambao mama zao maziwa wanayo tele, wanachokosa ni njia ya kuyaacha nyumbani.

Njia ipo, nayo haihitaji umeme. Maziwa ya mama yana chembe hai na kinga zinazopunguza kasi ya vijidudu kuzaliana, ndiyo maana hayaharibiki upesi kama ya ng'ombe. Yakikamuliwa kwa mikono safi, yakawekwa katika chombo safi chenye kifuniko, yanakaa salama muda wa kutosha mama kwenda shamba la karibu na kurudi. Lakini yana mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo tutakayoieleza.

Tuanze na mikono. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi kwenye viganja vya mikono na chini ya kucha. Hapa niseme jambo moja kwa dada zangu: udhu wa alfajiri si badala ya sabuni. Udhu ni twahara ya ibada, lakini mtu aliyetawadha, akaswali, kisha akafungulia mbuzi na kuwasha moto, mikono yake ina uchafu kama ya mtu mwingine yeyote. Na kwa kuwa wako wanaouliza, kukamua maziwa hakutengui udhu, wala maziwa yakimwagikia nguo si najisi.

Kwa mama anayefanya kazi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Biharamulo, sabuni peke yake haitoshi. Zebaki inayotumika kukamatisha dhahabu inashika kwenye nguo, na mvuke wake unaingia mwilini na kufika hadi kwenye maziwa. Mama anayenyonyesha asishike zebaki kabisa, wala asikae karibu inapochomwa. Aliyetoka kwenye shughuli hiyo, na vile vile aliyetoka kupiga dawa ya kahawa au pamba, aoge na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto au kukamua.

Chombo kiwe cha mdomo mpana, ambacho mkono unaingia na kusugua hadi chini. Kikombe cha chuma kisichoshika kutu, bilauri, au bakuli dogo la plastiki ngumu lenye kifuniko, vyote vinafaa. Kisichofaa ni chupa ya maji ya dukani, kwa sababu shingo yake ni nyembamba na uchafu unaganda ndani bila kuonekana. Kibuyu cha maziwa ya ng'ombe nacho hakifai, hata kama kimefukizwa moshi vizuri. Harufu ya moshi ni tamu, lakini ndani ya kibuyu kuna vinyweleo ambavyo havisuguliki. Osha kikombe kwa sabuni, kisha kijaze maji yanayochemka na uyaache kwa dakika chache. Mwaga maji hayo pale tu unapotaka kukamua. Usikikaushe kwa kanga wala kwa kitambaa cha jikoni. Ni mara nyingi mno kikombe huoshwa vizuri kikaja kuchafuliwa na kitambaa cha kukaushia.

Kukamua kwenyewe hakuna haja ya mashine. Kaa mahali pa utulivu, chua matiti taratibu. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na kuachia, bana na kuachia. Usivute chuchu, utajiumiza bure na maziwa hayatatoka. Mwanzoni yatatoka matone tu, usikate tamaa. Zungusha vidole pande zote za titi, badili titi yanapopungua. Kazi yote huchukua kama dakika 20 hadi 30. Mama aanze kujizoeza wiki moja au mbili kabla ya siku ya kwanza ya kwenda shamba, maana anayejaribu kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari, huku mtoto analia na wenzake wanamsubiri barabarani, atapata vijiko viwili na kuamini kuwa hana maziwa.

Je, aache kiasi gani? Watu hudhani ni jagi zima. Mtoto mwenye kilo 5 anahitaji kama mililita 750 kwa siku nzima, usiku na mchana, yaani kama mililita 30 kwa kila saa ambayo mama hayupo. Basi mama atakayekuwa nje masaa 4 anaacha mililita 120 tu, ambayo ni kama nusu ya kikombe cha chai. Yagawe katika vikombe viwili vidogo ili mtoto anywe kimoja na kingine kibaki hakijaguswa. Na mtoto anyonyeshwe ashibe kabla mama hajatoka mlangoni.

Sasa tufike kwenye muda, ambapo wengi wanachanganyikiwa. Wapo kina mama waliofundishwa masaa 8. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinataja masaa 4, kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Madaktari wa unyonyeshaji wa kimataifa, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, walisema kwa joto la nyuzi 16 hadi 29 masaa 4 ndiyo bora, na masaa 6 hadi 8 yanakubalika endapo usafi ni wa hali ya juu kabisa. Hawapingani, tofauti inatokana na joto na usafi. Kwenye vilima vya Ngara, asubuhi ya mwezi wa saba, ndani ya nyumba ya tofali yenye ubaridi, maziwa yatakaa zaidi kuliko kwenye chumba cha bati Nyakanazi saa 8 mchana.

Maoni yangu ni kuwa mama ashike masaa 4 kama kanuni ya nyumba. Ukamuaji wa saa 12 asubuhi utumike hadi saa 4 asubuhi. Mwenye mahali pa baridi na anayeuamini usafi wake anaweza kuvuta hadi adhuhuri, ambayo kwetu huku magharibi ya nchi inaingia karibu na saa 7 mchana. Hiki ni kipimo kizuri kwa bibi asiye na saa, kwa kuwa adhana au kivuli kitamwambia. Ikishaadhiniwa adhuhuri, maziwa ya alfajiri yaliyobaki yamwagwe bila huruma. Tena tuwe makini na lugha yetu. Ukimwambia bibi "maziwa haya ni ya saa 4", yeye ataelewa saa 4 asubuhi, wakati wewe umekusudia muda wa masaa manne tangu ulipokamua saa 2. Mwambie wazi saa ya kumwaga.

Kikombe kiwekwe mahali penye kivuli, mbali na jiko na mbali na bati. Njia ya zamani ya kupooza maji inasaidia: kisimamishe kikombe kilichofunikwa ndani ya sufuria yenye maji ya baridi kidogo, sakafuni, na uzungushie kitambaa kilicholoweshwa. Kiangazi kitambaa hicho kinapooza vizuri kwa sababu maji yanakauka upesi, lakini masika, hewa ikiwa na unyevu, hakifanyi kazi kubwa. Huko Nigeria ya kaskazini mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, alitunukiwa tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi katikati, ili mboga za wakulima zisioze. Mfinyanzi yeyote wa kwetu anaweza kukitengeneza. Kinapunguza joto, ila msikihesabu kuwa ni jokofu na kuongeza siku.

Mwenye jokofu mambo yake ni mepesi zaidi. Maziwa yanakaa hadi siku 4, yakiwekwa nyuma kabisa na si kwenye mlango ambako joto linaingia kila unapofunguliwa. Katika sehemu ya kugandisha yanakaa miezi 6. Yakishayeyuka yasigandishwe tena, na yatumike ndani ya masaa 24 yakiwa jokofuni. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango, na ukizidi masaa 4, yale yasiyoganda hesabu muda wake umekwisha. Jokofu la soda la dukani kwa jirani silipendekezi, linafunguliwa na kila mtu na usiku wengine hulizima.

Bibi anapotaka kumpa mtoto, naye aoshe mikono kwa sabuni. Maziwa yatakuwa yamejitenga, mafuta juu na maji maji chini, wakati mwingine yenye rangi ya samawati au manjano. Hayajaharibika. Ayazungushe taratibu yachanganyike. Akitaka kuyapasha, asimamishe kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, asiyaweke motoni, kwani kuyachemsha kunaua kinga zilizomo. Ampe kwa kikombe chenyewe, mtoto akiwa ameketishwa wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini na mtoto aramba mwenyewe. Asimmiminie. Chupa ya nyonyo tunaikataa kwa sababu ya ugumu wa kuisafisha. Yatakayobaki katika kikombe alichonywea yasivuke masaa 2, kwani mate yameshaingia.

Huko shambani nako mama akamue kidogo kidogo kila baada ya kama masaa 3, hata kama atayamwaga, ili matiti yasivimbe na maziwa yasipungue. Iko imani kuwa maziwa yaliyokaa titini mchana kutwa, au yaliyopigwa na jua, yamechacha, na kwamba mama akirudi lazima amwage kwanza. Si kweli. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Arudi, aoge jasho na vumbi, anyonyeshe.

Aliyeajiriwa, awe mwalimu au mhudumu wa duka, ajue kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini aruhusiwe hadi masaa 2 kwa siku kumnyonyesha mtoto. Wengi hawaombi kwa sababu hawaijui.

Maelezo haya ni ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya. Njiti na mtoto mgonjwa wana masharti makali zaidi, fuata ya hospitali. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake na kunyonyesha kama alivyoelekezwa kliniki. Malaria na mafua ya kawaida hayazuii kukamua. Lakini ugonjwa wa Marburg uliozuka Biharamulo na kutangazwa Januari 2025, ukaisha Machi 13 mwaka huo, ni jambo jingine. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 10 na wote walifariki. Mama mwenye homa kali na dalili za ugonjwa wa namna hiyo asinyonyeshe wala asikamue kwa ajili ya mtoto, awahi kituo cha afya na mtoto atafutiwe chakula kingine huko huko.

Limebaki suala la nyumba zenye kina mama wawili wanaonyonyesha, wake wenza au mtu na dada yake. Vikombe viwili vinavyofanana vikikaa sufuria moja, bibi anaweza kumpa mtoto huyu maziwa ya mama yule. Na maziwa yaliyonywewa kikombeni, kwa wanazuoni walio wengi, ni sawa na ya kunyonya katika kuleta udugu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni kunyonya mara tano mbali mbali kabla ya miaka miwili. Kwa Hanafi na Maliki hata mara moja inatosha. Watoto hao wakishakuwa ndugu wa kunyonya hawaoani, na maziwa ya jirani hali kadhalika. Basi funga uzi wa rangi kwenye mkono wa kila kikombe, mwekundu wa huyu na mweusi wa yule. Kama kosa limeshatokea, liandikwe: jina la mtoto, jina la mama, na mara ngapi, kisha mwulizeni sheikh wa msikiti wenu angali bibi anakumbuka.